Saa za Uingereza zikirudishwa nyuma, mama hubaki akinisubiri

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Tanga, ninayeishi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka sita. Ninafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, zamu nne kwa wiki, kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Jambo ninalokuandikia huonekana dogo kila ninapolieleza kwa watu wa huku, lakini mimi limenikosesha usingizi, na sasa limeanza kunigombanisha na mdogo wangu.

Mama yangu ana miaka sabini na sita. Anaishi Tanga na mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye anayemhudumia. Baba alifariki miaka minne iliyopita: alitoka kwenda msikitini kuswali Isha, akaanguka njiani, na hakurudi nyumbani kwa miguu yake. Tangu hapo nimekuwa nikimpigia mama simu kila siku saa kumi na moja jioni ya huku, wakati watoto wangu wako madrasa au wametoka na baba yao. Majira ya joto, saa hiyo kwa Tanga ni saa moja usiku. Mama anakuwa ameshaswali Magharibi na bado amekaa kwenye mswala, simu yake ya kitochi ameilaza mbele yake juu ya ncha ya kanga. Tunazungumza mpaka adhana ya Isha isikike kupitia simu, kisha ananiaga, anaswali, anafunua kawa na kula, anameza vidonge vyake vya presha na kulala.

Taabu huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usiku huo, ikifika saa nane, Uingereza yote hurudisha saa nyuma ikawa saa saba tena, na kuanzia hapo hadi mwisho wa Machi tofauti yetu na nyumbani huwa saa tatu badala ya saa mbili. Mimi ninaendelea kupiga simu saa kumi na moja ile ile, lakini kwa mama imekuwa saa mbili usiku. Miaka iliyotangulia nilimwarifu mapema, akanung'unika kidogo, tukaendelea.

Safari hii, tarehe 26 Oktoba 2025, sikumwarifu. Usiku huo wa kubadilisha saa nilikuwa zamuni. Nilifanya kazi saa kumi na tatu na kulipwa saa kumi na mbili, na msimamizi akaniambia kwamba saa hiyo itafidiwa Machi kwa zamu itakayokuwa fupi, ilhali wiki hiyo ya Machi mimi nina likizo. Nilirudi nyumbani nikiwa hoi, nikalala, nikaamka, na jioni nikapiga simu kama kawaida. Aliyepokea ni mdogo wangu. Mama alikuwa amekaa mlangoni tangu saa moja, amekataa kula, anasema kuna jambo limempata mwanawe na watu wanamficha. Nilipozungumza naye sauti ilikuwa ikitetemeka. Usiku ule kawa halikufunuliwa, na kwa kuwa hamezi vidonge akiwa hajala, alilala bila dawa. Kesho yake aliamka na kizunguzungu, akapelekwa hospitali, presha ikakutwa juu.

Mdogo wangu aliniambia maneno ambayo hayajanitoka: "Dada, nyinyi mnachezea saa huko, anayeumia ni mama, na anayekesha naye ni mimi." Anataka nipige simu saa moja usiku ya Tanga mwaka mzima, au niache kabisa simu za usiku. Lakini saa moja ya Tanga, kipindi cha baridi, ni saa kumi jioni ya huku, na hiyo ndiyo saa pekee ninayokaa na watoto wangu. Wanarudi shuleni saa tisa na nusu, tunakula, tunaangalia kazi zao za shule, na mwezi wa Desemba hata Magharibi tunaiswali pamoja wakati huo, kwa kuwa jua limeshazama. Baada ya hapo wao wanakwenda madrasa na mimi ninaanza kujiandaa kwa kazi. Wiki mbili nilijaribu kumpigia mama saa hiyo. Binti yangu mkubwa akaniuliza, "Bibi ana saa yake, mimi saa yangu ni ipi?" Nikarudisha simu kwenye saa kumi na moja.

Mume wangu anashauri kwamba miezi ya baridi nimpigie mama Jumamosi na Jumapili tu, na siku nyingine nitume ujumbe wa sauti kwenye simu ya mdogo wangu. Nimefikiria pia kuhamia zamu za mchana, lakini malipo ya usiku ni makubwa zaidi, na humo ndimo inamotoka dawa ya mama na matumizi ya nyumba ya Tanga.

Nilipojaribu kumweleza mama kwamba saa zimerudishwa nyuma, aliniuliza, "Na jua lenu nalo mmelirudisha?" Sikuwa na jibu. Sasa tarehe 29 Machi inakuja na saa zitasogezwa mbele tena. Je, nimwombe mdogo wangu avumilie, niwapokonye watoto saa yao, au niache kazi ya usiku?

Ni mimi,
Anayesubiriwa, Uingereza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hayo yaliyowapata. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale mama alipokaa mlangoni na kawa halijafunuliwa. Wanaolichukulia jambo hili kuwa dogo hawajapata kuishi na mzee ambaye siku yake nzima imefungwa kwenye simu moja.

Nikikuelewa vyema, unasema hivi: saa imehamishwa na watu ambao hawakukuuliza wewe wala mama yako, na kila utakapoiweka simu yako kuna mtu atakayepungukiwa. Ukiiacha kwenye saa kumi na moja, mama anasubiri. Ukiileta kwenye saa kumi, watoto wanapungukiwa. Ukihama zamu, mfuko unapungua na dawa ya mama nayo inaguswa. Na katikati yuko mdogo wako, ambaye amechoka.

Nianze na swali la mama, kwa sababu nadhani ulilipita haraka. Alipouliza kama jua nalo mmelirudisha, hakuwa na ujinga wowote. Yeye huhesabu saa kama tunavyozihesabu sote kwa Kiswahili, kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, na Tanga jua halina mambo mengi: mchana mrefu kuliko yote wa mwaka haumzidi ule mfupi kwa dakika arobaini. Huko uliko, mwezi Juni mchana hupita saa kumi na sita na Desemba haufikii saa nane. Watu wa huko ndio waliokuwa na sababu ya kutaka kuihamisha saa ili kulifuata jua, na hata wao hawakukubaliana upesi. Mjenzi mmoja wa nyumba, William Willett, alitoa kijitabu mwaka 1907 baada ya kuona watu wamelala na madirisha yamefungwa asubuhi za kiangazi ilhali jua limeshapanda. Akafariki mwaka 1915 kabla Bunge halijakubali, na sheria ikapita mwaka 1916 katikati ya vita, nchi ilipotaka kuokoa makaa ya mawe. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1971 walijaribu kuacha saa mbele mwaka mzima bila kuirudisha nyuma, wakaacha baada ya watu, hasa wa kaskazini, kulalamikia giza la asubuhi. Kwa hiyo mama yako ameuliza jambo ambalo wenye saa zao wamelibishania kwa zaidi ya miaka mia.

Na jibu lake unalo, ila hukuliona kwa kuwa ulikuwa ukiitazama saa ya ukutani. Umeniandikia kwamba Desemba mnaswali Magharibi karibu saa kumi jioni. Hesabu pamoja nami: saa kumi ya huko ni saa moja ya Tanga, na Tanga nako mwezi huo jua huwa limezama muda si mrefu uliopita. Katika majira ambayo unaona saa imekusogeza mbali na mama, jua lako na lake huzama kwa kupishana chini ya nusu saa. Juni, ambapo kwa saa mko karibu zaidi, wewe bado unaliona jua kwa karibu saa tano baada ya mama kumaliza Magharibi yake. Sikuambii hivi ili nikuchagulie saa ya kupiga simu. Ninakuambia kwa sababu mama huenda asielewe kabisa habari ya "tofauti imekuwa saa tatu", lakini ataelewa ukimwambia, "Mama, sasa hivi kwetu nako ni Magharibi, watoto wako kwenye mswala hapa pembeni yangu."

Kuna jambo jingine katika barua yako uliloliandika kwa sentensi moja tu, nami sitaki tulipite. Baba yako alitoka kwenda kuswali Isha na hakurudi. Jiulize mwanangu, mama anapokusubiri hadi baada ya Isha, anakusubiri katika saa ipi? Inawezekana kwamba kuchelewa kwa simu mchana kungemkera tu, lakini kuchelewa usiku ule, adhana ikiwa imeshapita na mlango ukiwa wazi, kunamrudisha kwenye usiku mwingine. Ninaweza kuwa nimekosea, kwa kuwa wewe ndiwe unayemjua. Lakini kama ndivyo, basi tatizo la tarehe 26 Oktoba halikuwa dakika sitini kwa hesabu yake. Lilikuwa saa hiyo hasa, na hofu iliyo ndani yake. Sijui kama mmewahi kumzungumzia baba katika simu zenu, au kama kila mmoja wenu anamficha mwenzake machozi.

Ningependa pia uitazame upya ile kamba iliyofunga vitu vitatu pamoja: simu, chakula na dawa. Hakuna aliyeifunga kwa makusudi, ilijifunga yenyewe kwa mazoea mazuri. Lakini kwa jinsi ilivyo sasa, foleni ya magari, umeme kukatika au betri ya kitochi kuisha kunaweza kumlaza mama bila dawa, hata mwezi Juni. Mdogo wako anaweza kumuuliza daktari anayemtibu mama kama vidonge hivyo vinaweza kumezwa wakati mwingine wa siku, pamoja na chai ya asubuhi kwa mfano. Msibadilishe wenyewe kabla ya kuuliza. Daktari akikataa, bado mnaweza kuzungumza na mama, taratibu, kuhusu kula kwanza na kusubiri simu akiwa ameshiba. Huenda akakataa kwa miezi kadhaa. Wazee huona kwamba kula kabla ya kumsikia mtoto ni kama kumkatia tamaa.

Sasa turudi kwenye saa yenyewe. Ukiamua kuipeleka simu saa kumi wakati wa baridi na saa kumi na moja wakati wa joto, mama hatajua kamwe kwamba saa za Uingereza huhama, kwa sababu kwake itakuwa saa moja siku zote. Hilo ndilo analoliomba mdogo wako, na kwa mama ndilo jepesi kuliko yote. Gharama yake inaangukia kwa binti yako wa miaka tisa, na swali lake lilinigusa. Lakini nikuulize: katika zile wiki mbili ulizojaribu, watoto walikuwa wapi wakati unazungumza? Kama ulijitenga nao chumbani na simu, ninaelewa kwa nini mtoto alihesabu saa na kuona yake imechukuliwa. Huenda ingekuwa tofauti kama simu ingewekwa mezani, bibi akawasikia wakisoma, nao wakasikia adhana ya Tanga. Huenda pia isiwe tofauti. Mtoto ana haki ya kutaka mama yake peke yake kwa muda, bila sauti ya mtu wa tatu, hata kama mtu huyo ni bibi. Ungemuuliza yeye mwenyewe. Kwa miaka yake tisa anaweza kukushangaza, ama kwa ukarimu wake ama kwa kukuambia wazi kwamba hataki.

Njia nyingine hukuitaja kabisa. Zamu yako inaisha saa mbili asubuhi, ambayo kwa Tanga ni saa tano wakati wa baridi na saa nne wakati wa joto. Mama yuko macho, kuna mwanga, na saa moja ya kupishana haigusi Isha wala dawa. Ukipiga saa hiyo hutamnyima mtoto chochote. Lakini utakuwa umetoka kukesha saa kumi na mbili ukiwageuza na kuwaosha wazee wa watu wengine, na sauti itakayomfikia mama itakuwa sauti iliyochoka, naye atakuuliza unaumwa nini. Zaidi ya hayo, usiku wake utabaki na ukimya ambao simu yako imekuwa ikiujaza kwa miaka minne. Wengine huigawa, simu ndefu asubuhi na nyingine ya dakika mbili tu baada ya Magharibi ya kumtakia usiku mwema. Dakika mbili za saa kumi jioni hazifanani na saa nzima, ingawa nawe unajua kwamba mama haagwi kwa dakika mbili.

Kuhusu rai ya mume wako, usiipokee kama dharau kwa mama yako. Yeye anamwona mkewe anavyochoka. Hata hivyo ninaiogopea kidogo, kwa sababu kuacha simu za kila siku ghafla, kwa mtu ambaye tayari anaamini kwamba anafichwa jambo, kunaweza kuthibitisha hofu yake. Kama mtaelekea huko, basi iwe hatua kwa hatua. Yule Willett niliyemtaja alipendekeza saa isihamishwe kwa mkupuo; alitaka isogezwe dakika ishirini kila Jumapili, Jumapili nne mfululizo za Aprili, ili miili ya watu izoee. Serikali haikuufuata mpango huo wa polepole, lakini wewe hukatazwi kuutumia kwa mama, kwa badiliko lolote utakalolichagua, ukianza wiki kadhaa kabla ya tarehe inayowekwa na Uingereza.

Kazi ya usiku siwezi kukuambia uiache au uishike. Jambo ninaloliona ni kwamba hujaniambia wewe mwenyewe unaionaje. Umetaja malipo, umetaja dawa na matumizi ya Tanga, lakini mwili wako hukuutaja isipokuwa pale uliposema ulirudi hoi. Kabla ya kufanya uamuzi kwa ajili ya mama au watoto, kaa na mume wako mpige hesabu ya kweli kwenye karatasi, mjue pengo la mshahara ni shilingi ngapi za huku nyumbani, na ndugu wengine, kama mnao, wanaweza kubeba kiasi gani. Na ile saa ya kumi na tatu isiyolipwa, usome mkataba wako. Uingereza haina sheria maalumu kuhusu usiku wa kubadilisha saa, mambo hutegemea mkataba ulivyoandikwa. Lakini malipo yako, yakigawanywa kwa saa zote ulizofanya kazi, hayaruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha mshahara. Kumkumbusha msimamizi kwa maandishi kwamba Machi hutakuwapo zamuni si utovu wa adabu.

Nimemwacha mdogo wako mwisho, na si kwa kuwa ni wa mwisho kwa uzito. Ulimsikia akikulaumu. Mimi, katika maneno yale, nimesikia zaidi neno "anayekesha". Yeye ndiye aliyekaa na mama mlangoni, akampeleka hospitali asubuhi, na pengine hakuna aliyemuuliza alilala saa ngapi. Huenda anachohitaji kutoka kwako si saa moja kamili ya usiku. Mpigie siku moja yeye, kwa ajili yake, wakati mama amelala, na kabla ya kumweleza habari za zamu na madrasa umwache amalize yaliyo moyoni mwake. Atasema mengine yatakayokuuma.

Ramadhani inatarajiwa katikati ya Februari, kabla ya saa zenu kusogezwa mbele. Huo ni mwezi ambao nyumba nzima huhamisha saa zake, futari ikatangulia na daku ikaamsha watu usiku wa manane, na mama yako ameufunga mara nyingi kuliko sisi, asione kwamba ameachwa na mtu. Simu yenu italazimika kuhama kwa vyovyote, kwa kuwa saa moja usiku atakuwa kwenye futari. Hapo pana nafasi ya kumuuliza mama mwenyewe jambo ambalo katika barua yote sikuona mtu akimuuliza: angependa kukusikia wakati gani wa siku yake? Muulize bila kutaja Uingereza wala saa. Kisha niandikie baada ya tarehe 29 Machi unieleze alisema nini, na umfikishie salamu zangu.

Mama Mshauri